Upande wa Pili wa Santuri

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza ina ukweli wake sokoni na katika tabia za watu, lakini historia ya muziki wa dansi wa karne ya 20 inaipinga waziwazi, kwa kuwa baadhi ya nyimbo zilizokuja kupendwa sana duniani hazikujiuza hata kidogo: zilitembezwa. Zilibebwa mkononi, zikapigwa usiku mbele ya watu wachache, zikanakiliwa kwenye kanda, zikapewa mtu ambaye naye akampa mwingine, na mara nyingi aliyezianzishia safari hiyo hakuwa mwenye kampuni bali msikilizaji aliyeguswa na wimbo kiasi cha kushindwa kuuweka moyoni peke yake.

Jambo hilo linaanzia kwenye umbo la santuri yenyewe. Santuri ndogo ya inchi 7, ambayo huzunguka mara 45 kwa dakika na ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kuuza wimbo mmoja mmoja, ina pande mbili. Upande wa kwanza, ulioitwa A, ulibeba wimbo ambao kampuni iliutangaza na kuupeleka redioni. Upande wa pili, ulioitwa B, ulijazwa kwa sababu tu haikufaa kuuacha mtupu, na mara nyingi ulipewa wimbo uliorekodiwa kwa haraka, au wa majaribio, au ule ambao wakubwa wa kampuni hawakujua waufanyie nini. Kwa sababu hiyohiyo upande wa pili ulikuwa mahali pa uhuru, kwani msanii asiyetazamiwa kuuza hana la kuogopa. "Soul Makossa" ya Manu Dibango, "I Feel Love" ya Donna Summer na "I Will Survive" ya Gloria Gaynor ni nyimbo ambazo bila kuzitaja haiwezekani kuieleza disko, na zote tatu zilitoka kwanza zikiwa upande wa pili.

Dibango, mpiga saksafoni aliyezaliwa Douala, Kamerun, mwaka 1933 na kufariki Ufaransa mwezi Machi 2020 kwa ugonjwa wa Uviko-19, hakuwa mgeni katika muziki unaojulikana Afrika Mashariki, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipiga pamoja na Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz, Brussels na kisha Léopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa, yaani kwenye chemchemi ileile ya rumba ambayo bendi za dansi za Dar es Salaam na Nairobi zilichota kwa miaka mingi. Mwaka 1972, Kamerun ilipokuwa mwenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, alirekodi wimbo wa mashindano hayo, na upande wa pili wa santuri akaweka "Soul Makossa". Makossa ni mtindo wa dansi wa Douala, na ingawa sikio la Mswahili hulisikia neno hilo kana kwamba linahusu kukosea, maneno hayo mawili hayahusiani kwa lolote. Kamerun ilifungwa na Kongo-Brazzaville katika nusu fainali, nyumbani kwake, ikaishia nafasi ya tatu, na wimbo wa mashindano ukapita pamoja na mashindano. Wa upande wa pili ndio uliobaki.

Anayeusikiliza leo atatambua mara moja kwa nini haukuweza kufa. Besi na dramu zinaweka mrindimo usio na haraka, kisha Dibango anaingia kwa sauti nzito ya chini, si ya kuimba bali ya kusema, akizichezea silabi za neno makossa, akizikata na kuzirudia kama mtu mwenye kigugumizi cha makusudi, hata silabi zenyewe zinageuka kuwa ala ya ngoma. Ndipo saksafoni inapokuja na kauli fupi iliyonyooka, inayoitikiwa na kurudiwa mpaka mwili wa msikilizaji unaizoea kabla akili haijaitafakari. Wimbo huo hauna hadithi, wala hauhitaji kutafsiriwa.

Nakala chache zilivuka bahari hadi New York, na mojawapo ilinunuliwa Brooklyn, katika duka la santuri la wahamiaji wa visiwa vya Karibi, na David Mancuso. Mancuso, aliyezaliwa mwaka 1944 na kulelewa utotoni katika kituo cha yatima, alikuwa ameanza tarehe 14 Februari 1970 kualika watu nyumbani kwake katika namba 647 ya barabara ya Broadway, kwenye ghorofa kubwa la wazi ambalo zamani lilikuwa la shughuli za biashara na viwanda, na ambalo kwa Kiingereza cha Marekani huitwa loft. Ndiyo maana mikusanyiko hiyo ikajulikana kama The Loft. Pombe haikuuzwa. Mgeni aliyekuja na mwaliko alichangia kiasi kidogo cha fedha, akapata chakula, matunda na kinywaji, kisha akacheza hadi mchana. Walikuja watu wa rangi zote, wenye nacho na wasio nacho, na hasa wapenzi wa jinsia moja, weusi na Walatino, ambao kumbi nyingi za jiji ziliwafungia milango au ziliwaachia wasumbuliwe na polisi.

Mancuso hakupenda kuitwa dijei, yaani mtu anayepiga santuri ukumbini. Alipendelea kuonekana kama mwenyeji aliyewakaribisha watu kwenye muziki kama wanavyokaribishwa mezani. Baada ya muda aliacha hata kuunganisha wimbo mmoja na mwingine, ufundi ambao madijei wengi huuona kuwa ndio kazi yao, na badala yake akaupiga kila wimbo kuanzia sauti yake ya kwanza hadi ya mwisho, akaacha ukimya mfupi, na katika ukimya huo wachezaji walipiga makofi kana kwamba bendi yenyewe iko mbele yao. Heshima hiyo kwa kazi ya mtu mwingine ndiyo iliyompa uwezo wa kuwasikilizisha watu walewale, usiku uleule, bendi ya Barrabás ya Hispania, muziki wa Kilatini, roki ya Kiingereza na saksafoni ya Mkamerun, bila mtu yeyote kuuliza vitu hivyo vinakutanaje.

"Soul Makossa" ulipopigwa hapo, wageni walitoka asubuhi wakiutafuta, na nakala chache zilizokuwa madukani zikaisha upesi. Frankie Crocker, mtangazaji mashuhuri wa kituo cha redio cha WBLS, akaanza kuupiga hewani, na kwa kuwa santuri ya asili haikupatikana, bendi mbalimbali zikakimbilia studio kuuiga ili kuziba pengo hilo, mpaka kampuni ya Atlantic iliponunua haki za kuutoa Marekani mwaka 1973. Wimbo ukaingia katika chati ya nyimbo 100 za jarida la Billboard na kupanda hadi nafasi ya 35, jambo lililokuwa adimu sana kwa wimbo wa Mwafrika. Miaka 10 baadaye kibwagizo kilichotokana na silabi za Dibango kilisikika mwishoni mwa "Wanna Be Startin' Somethin'" wa Michael Jackson, naye Dibango akadai haki yake, wakapatana nje ya mahakama. Kisha mwaka 2007 kikasikika tena katika "Don't Stop the Music" wa Rihanna, kwa kizazi ambacho sehemu kubwa yake haikujua kwamba asili ya sauti hiyo ni Douala.

Kisa hicho kilionyesha kwamba chumba chenye wachezaji mia kadhaa kinaweza kufanya kazi ambayo idara nzima ya mauzo imeshindwa kuifanya, na madijei wa New York walilitambua hilo kabla ya kampuni. Mwaka 1975 Mancuso, dijei Steve D'Acquisto na mwandishi Vince Aletti walisaidia kuunda chama cha kugawana santuri, ambacho utaratibu wake ulikuwa mwepesi: kampuni ziliwapa wanachama nakala za nyimbo mpya bila malipo, nao wakarudisha maoni ya maandishi kuhusu jinsi wachezaji walivyozipokea. Badala ya kila dijei kuzunguka ofisi za kampuni akiomba, na badala ya wachache wenye kujuana na wakubwa kupewa huku wengine wakinyimwa, wote walichota kwenye kapu moja. Miji mingine ya Marekani iliiga mfano huo.

Lakini nyimbo zenyewe zilikuwa fupi mno. Santuri ya inchi 7 ilibeba dakika tatu au nne, urefu uliozoewa na redio, ilhali mtu anayecheza huhitaji muda mrefu zaidi ili mwili wake uingie katika mrindimo na kuusahau uchovu. Tatizo hilo wapenzi wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo walilijua vizuri, kwani santuri zao ziligawa wimbo mmoja katika sehemu mbili: upande wa kwanza ulikuwa na beti na kisa chenyewe, na upande wa pili ulikuwa na sebene, yaani sehemu ya magitaa yanayochemka ambapo uimbaji hupungua na wachezaji hutawala. Katikati ya wimbo ilibidi mtu ainuke akaigeuze santuri, na wakati huo uwanja mzima ulisimama ukisubiri. Itakumbukwa kwamba kwa wengi waliokuwa uwanjani upande wa pili ndio uliokuwa wimbo hasa.

Nchini Marekani aliyelishughulikia tatizo hilo kwa subira ya ajabu alikuwa Tom Moulton, ambaye katika mapumziko kwenye kisiwa cha Fire Island, karibu na New York, aliona wachezaji wakipandwa na hisia, kisha wimbo unakatika, wanapotea njia na kuondoka uwanjani. Akatengeneza nyumbani kanda ya dakika 45 ambayo nyimbo zake hazikukatika, kazi aliyosema ilimchukua saa 80. Baadaye, alipokuwa akirefusha nyimbo kwa ajili ya kampuni, alikwenda kwa fundi wake wa kuchonga santuri, José Rodriguez, akaambiwa kwamba sahani tupu za inchi 7 zimekwisha na zilizopo ni za inchi 10. Wimbo ulipochongwa kwenye sahani hiyo ulichukua ukanda mwembamba tu na kuacha nafasi kubwa bila kitu, ndipo Moulton akaomba mistari itandazwe ijaze sahani yote. Walichokisikia kiliwashangaza wote wawili.

Sababu yake ni ya kifizikia. Sauti ya santuri huchongwa katika mfuo mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na sindano hutikiswa na mawimbi yaliyo kwenye kuta za mfuo huo. Sauti nzito ya besi huhitaji wimbi pana, kwa hiyo kadiri besi inavyozidi ndivyo mifuo inavyohitaji kuachiana nafasi ili mmoja usiingilie mwingine. Kwenye sahani ndogo anayetaka wimbo mrefu hulazimika kupunguza ukubwa wa sauti, na anayetaka sauti kubwa hulazimika kuufupisha wimbo. Sahani kubwa iliondoa mvutano huo, na hatua iliyofuata ikawa santuri ya inchi 12, ambayo mwanzoni ilitolewa kwa madijei peke yao. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ilitoa "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12 na kuiuza kwa umma, ikiwa katika umbo lililorefushwa na dijei Walter Gibbons hadi zaidi ya dakika 9. Kwa mara ya kwanza mnunuzi wa kawaida alipata wimbo kama unavyosikika ukumbini, ukiwa na nafasi ya kupumua na sehemu ndefu ambazo mwimbaji ananyamaza ili ngoma zizungumze.

Ngoma hizo nazo zilikuwa na lugha yake. Neno disko lenyewe lilitokana na neno la Kifaransa lililokuwa na maana ya mahali pa kuhifadhia santuri, lakini kama mtindo disko inatambulika zaidi kwa mguu wa mpiga dramu: ngoma kubwa inapigwa katika kila pigo kati ya mapigo manne, bila kuruka hata moja, na kati ya pigo na pigo matoazi yanafunguka na kufunga kwa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Earl Young wa Philadelphia ndiye anayesifiwa kwa kuuanzisha mpigo huo, katika wimbo "The Love I Lost" wa Harold Melvin & the Blue Notes wa mwaka 1973. Yapo malalamiko ya siku nyingi kwamba mpigo wa namna hiyo ni wa kimashine na hauna roho, lakini anayemsikiliza Young kwa makini atasikia mkono wa mtu anayeijua kazi yake, anayesogeza na kulegeza kwa vipimo vidogo sana.

Mashine zenyewe zilikuja mwaka 1977, kutoka Ujerumani. Giorgio Moroder, Mwitaliano, na mwenzake Mwingereza, Pete Bellotte, walikuwa wakifanya kazi katika studio za Musicland mjini Munich na Donna Summer, mwimbaji kutoka Boston aliyefika Ujerumani mwaka 1968 kuigiza katika tamthilia ya muziki ya Hair. Walipanga albamu, "I Remember Yesterday", ambayo nyimbo zake zingekumbusha miongo iliyopita, na ya mwisho ingetazama siku zijazo. Kwa ajili ya huo wa mwisho waliamua kutotumia bendi, bali sintesaiza, yaani chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme badala ya nyuzi au pumzi, na hasa ile kubwa iliyobuniwa na Mmarekani Robert Moog, iliyojaa vifundo na nyaya. Ilikuwa mali ya mtunzi Eberhard Schoener, na fundi wake, Robby Wedel, ndiye aliyejua namna ya kuifunga katika mapigo yaliyorekodiwa kwenye utepe ili kila sauti mpya iliyoongezwa iangukie mahali pake bila kuchelewa hata chembe. Chombo hicho kilipopata joto kilipoteza ulinganifu wa sauti, kwa hiyo kilirekodiwa vipande vifupivifupi. Kitu kimoja tu hakikuweza kukitoa vizuri, nacho ni kishindo cha ngoma kubwa. Hapo akaitwa mpiga dramu Keith Forsey, akapiga kwa mguu.

"I Feel Love" inastahili kusikilizwa kwa vifaa vya masikioni. Besi yake ni noti chache zinazorudiwa na kusogezwa juu na chini, lakini mtayarishaji aliipitisha katika mtambo wa mwangwi, hivi kwamba kila noti inayosikika upande wa kushoto inajibiwa na mwangwi wake upande wa kulia kabla noti inayofuata haijaingia. Msikilizaji akikiondoa kifaa cha sikio moja ataona kwamba nusu ya mwendo imetoweka, na ile kasi iliyomfanya ajione kama yumo ndani ya garimoshi la usiku imekuwa kipigo cha kawaida. Akikirudisha, garimoshi linaondoka tena. Juu ya chuma hicho sauti ya Summer inaelea, nyembamba na ya juu, ikiwa na maneno machache mno, kama ya mtu aliyepitiwa na usingizi mtamu. Uzuri wa wimbo uko katika umbali uliopo kati ya vitu hivyo viwili, mashine isiyochoka na pumzi ya mwanamke, na hakuna hata kimoja kinachojaribu kufanana na kingine. Hakuna ushahidi bora zaidi wa kuwajibu wanaodhani kwamba muziki wa elektroniki, yaani ule unaotungwa kwa vyombo vya umeme na mashine, hauna ubinadamu.

Wimbo huo ulitolewa ukiwa upande wa pili wa wimbo wa taratibu wa mapenzi. Kumbi ziliugeuza, kampuni ikafuata, na kufikia Julai 1977 ulikuwa namba 1 Uingereza, ulikokaa kileleni kwa wiki nne. Mwanamuziki David Bowie alisimulia kwamba walipokuwa wakirekodi Berlin mwenzake Brian Eno aliingia mbio akiwa na santuri hiyo mkononi, akamwambia kwamba ameisikia sauti ya siku za usoni na kwamba muziki wa kumbi utafuata njia hiyo kwa miaka 15. Utabiri huo kosa lake lilikuwa kuukadiria muda mdogo. Kule San Francisco, Patrick Cowley, kijana fundi wa sintesaiza, aliupenda kiasi kwamba mwaka 1978, bila kuombwa na mtu, aliurefusha kwa sauti zake mwenyewe hadi zaidi ya dakika 15, na nakala zikazunguka miongoni mwa madijei kwa miaka kadhaa kabla ya kutolewa rasmi mwaka 1982, mwaka ambao Cowley alifariki kwa UKIMWI.

Habari ya "I Will Survive" ni fupi zaidi. Mwaka 1978 kampuni ya Gloria Gaynor ilitaka arekodi "Substitute", wimbo uliokuwa umepata umaarufu kupitia kundi la wanawake la Clout la Afrika Kusini, nao watunzi Freddie Perren na Dino Fekaris wakapata nafasi ya kuweka utunzi wao upande wa pili. Gaynor alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo baada ya kuanguka jukwaani, na aliuimba akiwa amefungwa mhimili wa kumshikilia. Labda ndiyo maana hausikiki kama wimbo wa mwanamke anayelipiza kisasi, bali wa mtu anayepima kama miguu yake inaweza kumbeba. Richie Kaczor, dijei wa ukumbi wa Studio 54, anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza walioigeuza santuri hiyo na kuwapigia watu upande ambao kampuni haikuutangaza. Machi 1979 ulifika namba 1 Marekani, na mwaka 1980 ukapata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya disko, tuzo ambayo haijatolewa tena tangu siku hiyo.

Ilikuwa imechelewa. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaalika watu waje na santuri za disko ili wapunguziwe kiingilio hadi senti 98, na kati ya mechi mbili za White Sox na Detroit Tigers akalilipua sanduku lililojaa santuri hizo. Maelfu walivamia uwanja, wakaung'oa na kuuchoma, na mechi ya pili haikuchezwa. Mmoja wa wahudumu wa uwanja usiku huo alikuwa kijana mweusi, Vince Lawrence, ambaye alieleza baadaye kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Kwa hiyo si haki kulieleza tukio hilo kama ugomvi wa ladha. Kampuni ziliogopa, zikafunga au kubadilisha majina ya idara zao za disko, na waandishi wakatangaza kwamba muziki huo umekufa.

Katika jiji hilohilo, umbali wa dakika chache kwa gari, haukuwa umekufa. Frankie Knuckles, aliyetoka New York mwaka 1977 kuja kupiga santuri katika ukumbi wa The Warehouse, namba 206 South Jefferson Street, aliendelea na nyimbo zilezile, na zilipoacha kutengenezwa mpya alizikata na kuziunganisha upya kwa utepe na wembe, akarefusha sehemu ambazo wachezaji wake walizipenda, akaongeza mashine ya ngoma chini yake. Wateja wa maduka ya santuri walianza kuulizia muziki wa pale, na jina la ukumbi likafupishwa kuwa "house", neno ambalo leo ni jina la mtindo unaochezwa kila bara. Mwaka 1984 Jesse Saunders alitoa "On and On", inayohesabiwa na wengi kuwa santuri ya kwanza ya house, na aliyeitunga pamoja naye ni yuleyule Vince Lawrence wa Comiskey Park. Jengo la The Warehouse lilitangazwa na jiji kuwa la kihistoria mwaka 2023.

Mashine iliyokuja kuubadili muziki huo nayo ilikuwa imetupwa. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mwaka 1981 kisanduku kilichoitwa TB-303, kilichokusudiwa kushika nafasi ya mpiga gitaa la besi ili mpiga gitaa aweze kufanya mazoezi peke yake. Hakikufanana na gitaa la besi hata kwa mbali, kikaachwa kutengenezwa mwaka 1984 na kuuzwa mtumba kwa bei ya chini. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture, mmoja wao akijulikana kama DJ Pierre, walikipata, na kwa kuwa hawakujua namna ya kuvipanga vifundo vyake, wakavizungusha huku mashine ikiendelea kulia. Kilichotoka ni sauti inayonung'unika chini, kisha inapanda na kunyongeka na kulia kama mpira unaosuguliwa kwenye kioo, halafu inarudi chini bila kukoma.

Walirekodi kanda na kumpelekea Ron Hardy, dijei wa ukumbi wa Music Box, aliyesifika kwa kupiga asichokitarajia mtu. Kwa simulizi ya Pierre, alipoipiga mara ya kwanza usiku huo uwanja ulibaki mtupu. Akaipiga tena baadaye, wachache wakabaki. Akaipiga mara ya tatu. Na ilipofika mara ya nne watu walikuwa wamelala chali sakafuni wakirusha miguu hewani. Wasikilizaji waliokuwa wakinakiliana kanda hiyo mitaani hawakujua imetengenezwa na nani, wakaiita kwa jina la Hardy mwenyewe, na ilipotolewa kama santuri mwaka 1987 kwa jina la "Acid Tracks" tayari mji mzima uliijua. Pengine hakuna tendo la upendo kwa muziki linalozidi lile la mara ya tatu, pale ambapo aliyeshika santuri anajua kwamba watu hawajaelewa na bado anaamini kwamba wataelewa.

Majukwaa ya intaneti yanayosikilizwa leo hayana upande wa pili. Nyimbo zote ziko upande mmoja usio na mwisho, na programu ya kompyuta humpendekezea msikilizaji wimbo kwa kupima unavyofanana na ule alioumaliza au ulivyopendwa na watu wanaofanana naye. Kazi hiyo inafanywa kwa ustadi, nayo imewafikisha wasanii wengi mbali, lakini mfano wa The Loft unaonyesha inachokosa: Mancuso aliwapa wageni wake kisichofanana na chochote walichokwisha kukipenda, na programu haiwezi kupiga mara ya nne wimbo uliokimbiwa mara tatu.

Hata hivyo njia ya mkono kwa mkono haijafungwa, na singeli ni ushahidi wake. Muziki huo wa mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, unaotengenezwa kwa kompyuta za kawaida na mara nyingi kupita mapigo 200 kwa dakika, ukikata vipande vya taarabu na kuviharakisha mpaka vinakuwa ngoma mpya, ulitembea kwanza katika shughuli za mitaani na kwenye simu za watu kabla ya kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017 na kuufikisha kwa wapenzi wa elektroniki wa Ulaya. Katika safari hiyo vibanda vya kuingiza nyimbo vilikuwa na nafasi yake: meza ndogo, kompyuta iliyojaa vumbi, na kijana anayepokea memori kadi au flashi ya mteja na kuijaza kwa malipo madogo. Mteja hutaja anachokitaka, kijana hukitafuta, na kama ilivyo desturi kwa muuza nyanya au mchele, hutokea akatia nyongeza, nyimbo mbili tatu ambazo hazikuombwa na ambazo yeye mwenyewe amezipenda wiki hiyo. Mteja huondoka bila kujua, na siku chache baadaye, akiwa ndani ya daladala lililokwama kwenye foleni, orodha yake inafika mwisho na unaanza wimbo asioujua jina.